Kifuniko cha Shaba

Saa tatu kasorobo. Ninangoja umeme ukatike.
Kamalondo nzima inaomba usikatike:
kinyozi aliyefika nusu ya kichwa,
mama wa samaki na friza yake,
vijana na mpira kwenye televisheni.
Mimi peke yangu, mbele ya kisanduku,
naomba kinyume chao. Mungu anisamehe.

Maana umeme wa mjini una mvumo.
Mara hamsini kwa sekunde unatikisa nyaya zangu
bila kupiga hodi,
na kwenye karatasi unasimamisha mlima
mweusi, mrefu, kama lile rundo la makapi ya shaba
tunaloliona kutoka kila mtaa.
Nyuma ya mlima huo sisikii kitu.

Na ninachotaka kusikia ni kidogo sana:
utando wa plastiki, rangi ya zambarau,
tulioumwaga juu ya kioo, tukauzungusha, ukakauka.
Unakula jua, unatoa umeme.
Hakuna aliyeshuka shimoni kwa ajili yake.
Ila huchakaa upesi, na haupigi kelele.
Ndivyo wanavyosema.

Ta! Giza.
Mtaa mzima unaguna kwa koo moja: Aaah, Sineli!
Mlima umelala.
Naunganisha betri. Nafunga kifuniko. Nazuia pumzi.

Kisanduku alikifua fundi Mwepu wa Katuba,
shaba tupu, pembe zimechomelewa,
pasibaki ufa wa kupitisha hata neno.
Alipokileta aliuliza, "Utaweka nini humu, Mujinga?"
Nikamjibu: kimya.
Akacheka, na cheko likaishia kwenye kikohozi.

Huu hapa mstari. Unatetemeka.
Chembe za umeme zinauvuka utando
kama watu kwenye njia ya matope baada ya mvua:
huyu kapita, huyu kiatu kimenasa,
kasimama, kakivuta, kaendelea,
na nyuma yake wengine wamesita.
Kila shimo lina muda wake wa kukushika.
Yajumlishe yote, ya haraka na ya uvivu,
unapata mnong'ono unaozidi
kadiri unavyosikiliza polepole.

Seli ya saba.
Jana ilipimwa juani: mkondo mzuri, volti nzuri.
Profesa Kabwita akaandika *nzima*, akapiga mstari.
Usiku huu inanong'ona mara nne zaidi ya wiki iliyopita.
Unyevu wa Januari umepata ukingo, umeingia.
Mle ndani mashimo mapya yanachimbwa
na mwanga bado haujaambiwa.
Lisemwalo lipo; kama halipo, laja.

Mujinga ni jina la mtoto aliyezaliwa na kitovu shingoni.
Shuleni walilicheka, na nani angewalaumu.
Bibi alisimulia kwamba sikulia.
Mkunga aliweka sikio kifuani pangu, akanyamazisha nyumba,
akasema: ngojeni, kuna kitu.

Saa tano na dakika kumi umeme unarudi.
Vigelegele, redio tatu kwa mpigo, mashine ya kinyozi.
Mlima unasimama tena kwenye karatasi.
Nina dakika tisini na nne za mnong'ono. Zinatosha.
Naandika: seli ya saba, wiki tatu, labda nne.

Kalamu inabaki hewani.

Miaka thelathini alisimama mbele ya tanuru.
Hospitali wamempima, picha ya kifua ni safi.
"Mzima, mwanangu!" na akajipiga kifua kama mlango.
Lakini kabla ya kile kikohozi kulikuwa na kitu,
mkwaruzo chini ya pumzi,
polepole mno.

Kesho nitapita Katuba kabla ya kazi.
Nitamwambia kifuniko hakifungi vizuri.
Si kweli. Kinafunga barabara.
Nataka tu akiinamie, apulize vumbi,
nami niwe nimesimama karibu.